Mteja wa intaneti afunguliwe kisanduku

WAHENGA walinena kuwa nyumba njema si mlango. Methali hiyo inafaa kutumiwa kupima jinsi huduma ya intaneti inavyouzwa nchini.

Kwa miaka mingi mjadala umekuwa wa kufikisha huduma. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na Julai 2023 Starlink ikaanza kuhudumia wateja nchini kwa setilaiti. Kinachosahaulika ni yale yanayotukia baada ya intaneti kuvuka mlango.

Chukua mfano wa boma la Keumbu, kwenye barabara ya kutoka Kisii kuelekea Keroka. Nyumba kubwa imejengwa kwa matofali na saruji, jiko limejitenga, nao vijana wana nyumba yao, ambayo Abagusii huiita esaiga, ng’ambo ya migomba. Kisanduku cha kampuni ya intaneti hufungwa sebuleni. Kuta nene, mabati na hata majani yaliyolowa mvua hudhoofisha mawimbi yake. Mwanafunzi wa chuo aliye katika esaiga hulazimika kununua bando za simu ilhali wazazi wake wamekwisha kulipa ada ya mwezi.

Dawa inayouzwa madukani ni ruta za meshi, yaani vifaa viwili au vitatu vinavyopokezana mawimbi na kuunda mtandao mmoja wenye jina moja. Hata hivyo, wengi huvinunua kwa gharama kubwa, kisha vikawasumbua. Sababu ni kwamba kisanduku cha kampuni nacho kwa kawaida ni ruta. Kila kimoja hutaka kugawa anwani kwa simu na kompyuta za nyumbani, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kurasa za kawaida hufunguka, lakini printa iliyounganishwa na kisanduku huenda isionekane na kompyuta iliyo kwenye meshi, na kamera za ulinzi hukosa kufikiwa kutoka mbali.

Suluhisho ni kuchagua fahali mmoja. Njia ya kwanza ni kuacha kisanduku kiendelee kutawala, na meshi ipangwe kuwa kisambazaji tu. Waifai ya kisanduku yafaa izimwe ili simu zisiishikilie. Njia ya pili ni kukigeuza kisanduku kuwa daraja linalopitisha intaneti tu, na meshi ishike usukani. Kifaa cha pili nacho kiwekwe pale ambapo mawimbi bado ni imara, si ndani ya chumba yasikofika. Kati ya nyumba na nyumba, waya wa mtandao, ambao hufaa hadi mita 100, hushinda mawimbi.

Tatizo ni kuwa ufunguo wa njia ya pili mara nyingi umo mikononi mwa kampuni. Baadhi ya visanduku hufungwa kwa nenosiri ambalo mteja hapewi, na baadhi ya laini hudai jina na nenosiri la kuunganishia ambalo fundi huondoka nalo.

Kampuni zina hoja yake: mteja akivuruga mipangilio, lawama na gharama ya kumtuma fundi huzirudia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi usiri. Kampuni yaweza kueleza bayana kwamba haitawajibikia kifaa ambacho haikukiuza, kisha impe mteja anachohitaji. Ujerumani ilitatua suala hili kwa sheria iliyoanza kutekelezwa Agosti 2016, inayomruhusu mteja kutumia ruta aliyoichagua mwenyewe.

Hapa kwetu msingi upo tayari. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Mamlaka ya Mawasiliano haina budi kuzitaka kampuni zimkabidhi kila mteja, siku ya kufungiwa huduma, maelezo ya Kiswahili yanayoonyesha jinsi ya kuunganisha ruta yake na nenosiri la kufanyia hivyo. Serikali ilipozindua huduma 5,000 kwenye eCitizen mwaka 2023, iliwaambia raia kuwa ofisi sasa iko mtandaoni. Itakuwa kejeli iwapo mkazi wa Keumbu ataifikia ofisi hiyo kwa kusimama tu karibu na kisanduku sebuleni.