Mkono wa Abiria Sio Indiketa

Nitasema na mnirushie mawe: boda ambayo indiketa zake hazifanyi kazi, mimi sipandi. Hata kama nimechelewa.

Hapa Bondeni ishakuwa kawaida. Mkifika Abdel Nasser, dereva anakwambia, "Bro, nitolee mkono, nakata kulia." Yaani umelipa nauli na bado indiketa ni wewe! Mchana labda utaonekana. Usiku, umevaa shati jeusi, huo mkono nani anauona? Na yeye hawezi kutoa wake, maana mkono wa kulia ndo unaotia mafuta na kushika breki ya mbele. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo kukata kulia ni kupita mbele ya wanaokuja, na pia mbele ya matatu au tuktuk iliyo nyuma inayotaka kuwapita. Asipojua mnakata, anawabeba nyote wawili.

Kinachoniudhi zaidi, boda hiyo hiyo ina taa za disko chini ya siti na spika ya muziki. Pesa ya urembo ipo, ya indiketa haipo?

Ukiuliza, unaambiwa "waya zishaharibika." Lakini mara nyingi tatizo ni dogo tu. Sikizeni:

Upande mmoja ukipepesa mbio kuliko mwingine, angalia balbu za upande huo. Flasha za kizamani huenda na mzigo wa umeme. Balbu moja ikiungua, mzigo unapungua, flasha inakimbia. Mwendo wa sawa ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Taa moja tu ikizima na balbu ni nzima, angalia soketi na waya wa erthi. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, shaba inageuka kijani haraka. Piga msasa, kaza, jaribu tena.

Zote nne zikifa, anza na fyuzi. Kisha flasha: ikiwa ni ya pini mbili, unganisha waya zake mbili kwa kipande cha waya, halafu washa indiketa. Taa zikiwaka bila kupepesa, flasha imekufa. Zisipowaka, fuata waya unaoleta umeme pale na swichi ya kwenye usukani.

Na ukibandika balbu za LED kisha zikaenda mbio au zikakataa kupepesa, usilaumu balbu. Balbu ya kawaida ya boda nyingi ni wati 10, LED inakula kidogo sana, flasha ya zamani haiuhisi mzigo. Tafuta flasha ya LED.

Sasa kuna mafundi ambao, badala ya haya yote, wanakata waya na kuzifunga kwa tepu. Huyo hajatengeneza, ameficha tu.

Najua siku ni ngumu, dereva anatafuta unga. Lakini hakuna siku ya kazi inayoshinda mguu uliovunjika, wake au wa abiria.

Kwa hivyo sisi abiria tuanze. Kwenye stegi, kabla hujakaa, mwambie awashe kushoto, halafu kulia. Akikuona mshamba, panda ya nyuma yake. Wakikosa wateja watatu wanne kwa siku, mtaona vile flasha zitanunuliwa.