Neno Moja, Kazi Nne

Wazazi wametuuliza kwa nini watoto wao, waliokwisha kuhifadhi orodha ya maneno ya Kiingereza pamoja na aina zake, hukosea wapewapo sentensi katika mtihani. Twaona kosa si la watoto, bali ni la orodha yenyewe. Sisi tumezoea lugha ambayo mara nyingi neno hujulisha kazi yake kwa umbo lake: hapana atakayedhani "anasoma" kuwa jina, hata likisimama peke yake. Kiingereza sivyo kilivyo.

Tazameni neno "back". Katika "my back" ni jina, yaani mgongo. Katika "the back door" ni sifa ya mlango. Katika "come back" laeleza namna ya kuja, nasi twasema rudi. Na katika "back your brother" ndilo kitendo chenyewe: muunge mkono ndugu yako. Wala haikubadilika hata herufi moja.

Hesabu ya mafungu nayo yatofautiana. Lindley Murray, mwaka 1795, aliyataja tisa. Vitabu vingi husomesha manane. (Wanafunzi wa nahau ya Kiarabu huridhika na matatu tu: ismu, fiili na harfu.)

Basi msimwulize mtoto neno "back" ni la aina gani. Mpeni sentensi nzima, kisha mwulizeni neno hilo lafanya kazi gani humo.