KAZI YA MIKONO: Nta nyembamba inashinda nta nyingi

Mwezi huu tuseme juu ya kazi ambayo wengine wanaidharau: kung'arisha rangi ya motokari kwa nta ya kopo. Kwa mfano tutwae motokari moja ya mbio, Corvette ya Marekani, maana wenyewe wanaipenda sana na hawataki kuona alama hata moja juu yake.

Swali ni hili. Fundi akipaka nta mara moja, motokari inang'aa. Je, akipaka mara tano, itang'aa mara tano? Wengi watajibu, "Ndiyo, Pasta." Na wako wanaolipisha watu makuta kwa sababu ya jibu hilo. Basi tuangalie vizuri.

Kwanza ujue unashika kitu gani. Corvette ilianza kutengenezwa mwaka 1953, katika mji wa Flint, jimbo la Michigan. Mwaka ule zilitoka 300 tu, zote nyeupe. Mwili wake si wa bati. Ni wa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, kwa hiyo hauli kutu. Mwaka 1981 walianza kuitengeneza katika kiwanda kipya cha Bowling Green, jimbo la Kentucky. Huko walipaka rangi kwanza, kisha juu yake verni inayopitisha nuru kama kioo. Motokari nyingi za siku hizi zina verni ya namna hiyo. Unene wake ni karibu mikroni 40 au 50, na mikroni 1000 ndizo zinazofanya milimita moja. Mara nyingi unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko verni hiyo!

Sasa fikiri kidogo. Kila mara fundi anaposugua kwa dawa ya kuondoa mikwaruzo, anakula sehemu ya verni. Ikiisha, hakuna nta itakayoirudisha. Ni kupaka rangi upya, na bei yake unaijua. Tena kile kipimo cha sumaku kinachopima unene wa rangi juu ya bati hakisaidii juu ya Corvette, maana chini hakuna chuma. Ndiyo sababu mutu mwenye akili hasugui mara kwa mara. Anasafisha vizuri, kisha analinda. Na kazi ya nta ni hiyo: kulinda, na kuongeza mng'aro kidogo. Haiondoi mikwaruzo.

Nta yenyewe inatoka wapi? Ile inayosifiwa sana inaitwa karnauba. Inatoka katika majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki ya Brazili, katika majimbo kama Ceará na Piauí. Wanakata majani, wanayaanika juani, kisha wanayapiga mpaka unga wa nta utoke. Ni nta ngumu. Haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 80. Ikiwa peke yake huwezi kuipaka. Basi wanaichanganya na nta laini, mafuta, na dawa ya kuyeyusha inayoruka hewani, jamaa ya ile tunayotia katika rangi ya mafuta. Hata siraji nyingi za viatu zina karnauba ndani. Kijana anayepiga siraji amekwisha kujua nusu ya somo hili: ukipakaza nyingi, unachosha brashi bure.

Kazi inakwenda hivi. Weka motokari kivulini, mwili wake uwe baridi. Mwaga maji mengi kwanza, vumbi lishuke. Vumbi la barabara zetu za migodi lina mchanga ndani. Ukilipangusa kwa kitambaa kikavu, unachora verni. Shika ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa. Kausha kwa kitambaa laini. Pitisha mkono polepole: kama bado inakwaruza, kuna uchafu ulioingia, na huo unatolewa kwa udongo maalum wa kusafishia, huku pakiwa na maji ya utelezi. Funika plastiki nyeusi na mipira kwa utepe, maana nta ikikauka pale inaacha alama nyeupe.

Halafu paka nta kwa sifongo, sehemu moja moja, nyembamba sana, hata uione kama ukungu tu. Ngoja. Pitisha kidole: kama kinaacha njia safi, imekauka, kama inapakaa, ngoja tena. Kisha pangusa kwa kitambaa safi, ukikigeuza kila mara.

Na mara ya pili je? Hiyo ina faida. Hata fundi hodari anaruka mahali padogo bila kujua, na mara ya pili inafunika mahali pale. Lakini usifanye haraka. Mafundi wengi wanaacha saa 12 mpaka 24 zipite, dawa ile iruke yote na nta ishike. Ukipaka juu ya nta ambayo haijashika, dawa mpya inayeyusha nta ya zamani, na kitambaa chako kinaondoa zote mbili. Hapo umejenga na kubomoa siku moja.

Mara ya tatu faida yake ni ndogo. Ya nne na ya tano zinabaki karibu zote katika kitambaa. Nta haipandi kama matofali. Inayobaki juu ya verni ni kidogo sana kila mara. Na hata ukipaka vema namna gani, jua na mvua vitaimaliza kwa majuma au miezi michache, na utapaka tena. Siku hizi kuna dawa nyingine za kulinda rangi zinazodumu kuliko nta. Lakini hizo nazo zinataka mahali palipo safi.

Sasa, kijana, sikiliza neno hili. Jicho la mwenye motokari haliwezi kuhesabu nta. Ya mara mbili na ya mara tano zinafanana mbele yake. Ukimwambia, "Patroni, nimepaka tano," atalipa tano, maana hana njia ya kujua. Anategemea kinywa chako tu. Lakini akipata mutu wa kumfundisha, utapoteza makuta yake, na ya ndugu zake, na ya marafiki zake wote.

Mwambie hivi: "Nimepaka mara mbili. Zaidi ya hapo ni kutupa makuta yako." Halafu mwagia maji kidogo juu ya boneti mbele yake, aone matone yanavyosimama na kukimbia. Huyo atarudi.

Tuonane mwezi ujao.