Tuzo ya Mahakama si Fedha Mkononi

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika mashauri ya hataza, yaani hati za serikali zinazomlinda mvumbuzi ili uvumbuzi wake usitumiwe bila idhini, nyasi ni wale wenye hisa chache walioweka akiba zao katika kampuni ndogo inayolishitaki jabari. Shauri la VirnetX na Apple huko Marekani lina somo ambalo wananchi wa visiwa hivi, pamoja na wakuu wa Serikali, hawana budi kulitafakari.

VirnetX ni kampuni ndogo ya jimbo la Nevada. Mali yake kubwa ilikuwa hataza za njia za kulinda siri za mawasiliano katika intaneti. Mwaka 2010 Microsoft iliilipa dola milioni 200 kumaliza ugomvi wao. Mwaka huo huo VirnetX ikaishitaki Apple mbele ya mahakama ya Tyler, Texas, ikidai kwamba Apple imetumia uvumbuzi wake, hasa katika huduma ya FaceTime. Wenye hisa wakaona mlango wa neema umefunguka, wala hatuwezi kuwalaumu.

Novemba 2012 jopo la raia liliamua kwamba Apple ilipe dola milioni 368. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikaitengua hesabu hiyo. Februari 2016 jopo jingine likataja milioni 625. Miezi michache baadaye jaji akaifuta tuzo hiyo, kwa kuwa mashauri mawili yalikuwa yameunganishwa isivyo haki, akaamuru yasikilizwe upya. Hatimaye, Machi 2020, Apple ililipa dola milioni 454 kwa shauri la kwanza, na wenye hisa wakagawiwa dola moja kwa kila hisa. Aliyekuwamo tangu mwanzo alikuwa amengoja miaka kumi.

Shauri la pili ndilo lenye funzo kubwa zaidi. Julai 2020 Ofisi ya Hataza ya Marekani iliamua kwamba madai ya hataza zilizohusika hayakustahili kulindwa, kwa kuwa hayakuwa mapya. Hata hivyo, Oktoba mwaka huo huo, jopo la Tyler likatoa tuzo ya dola milioni 502. Machi 2023 mahakama ya rufani ikaunga mkono uamuzi wa Ofisi ya Hataza, na tuzo yote ikaanguka. Februari 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Katika zile milioni 502, haikupatikana hata senti moja.

Wapo watakaosema kwamba mnyonge ameponzwa na tamaa yake. Wengine watasema jabari ameonea. Sisi tunaona kauli zote mbili zina upungufu. Mshitakiwa ana haki ya kuipinga hataza, na hataza iliyotolewa kimakosa huwadhuru watu wote. Lakini shauri moja lilikuwa likiamuliwa katika milango miwili, mahakamani na katika Ofisi ya Hataza. Habari za mlango wa kwanza zilitangazwa kwa vishindo. Za mlango wa pili ziliandikwa kwa lugha ya mawakili. Mwenye hisa kumi atazisoma wapi, na nani atamfasiria?

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda tangu mwaka 2008. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, na wananchi wa kawaida walinunua. Kwa hiyo tunawaomba wanaosimamia masoko ya mitaji wazitake kampuni zieleze kwa Kiswahili fasaha kila shauri kubwa linalozikabili: limefika hatua gani, rufani gani zimebaki, na kama haki inayodaiwa inapingwa kwingineko. Taarifa hiyo itangazwe siku ile ile ya ushindi, isingoje siku ya hasara.

Nao wananchi wasiache mbachao kwa msala upitao. Akiba ya ada ya watoto si ya kuwekwa juu ya hukumu ambayo bado ina rufani.