Kompyuta yako haijazeeka

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, sentensi moja imegeuka hukumu kwenye vibanda vya mafundi na kwenye vikao vya bajeti: kompyuta ikiwa nzito baada ya kupigwa Windows mpya, imezeeka, tafuta nyingine. Nimeisikia kwa mafundi ninaowaheshimu, kwa wahasibu, kwa walimu wakuu, kwa wazazi wanaomtafutia mtoto laptopu ya kwenda nayo chuo. Mara nyingi si kweli, na inawatoa watu wetu fedha ambazo hawakuwa na sababu ya kuzitoa.

Prosesa haiishi kama soli ya kiatu. Chipu iliyokuwa ikipiga hesabu mwaka 2016 inazipiga kwa kasi ileile leo, mradi feni haijajaa vumbi na ile dawa ya kupozea iliyopakwa juu yake haijakauka. Kilichobadilika ni mzigo. Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika mwaka 1995 kwamba programu zinaongezeka uzito upesi kuliko vifaa vinavyoongezeka kasi. Miaka thelathini imepita na bado tunakilaumu kifaa.

Tazama Vista. Ilipoingia madukani tarehe 30 Januari 2007, kompyuta nyingi zilikuwa zimebandikwa stika ya kuthibitisha kwamba zinaiweza. Baadhi hazikuweza hata kuonyesha ule muonekano wa vioo uliokuwa kivutio chake kikuu. Wanunuzi wakafungua kesi Marekani, na barua pepe za ndani za Microsoft zilipowekwa wazi mwaka 2008 ikajulikana kuwa Mike Nash, mmoja wa makamu wa rais wa kampuni hiyo, alikuwa ameungua kama wateja wake: laptopu aliyoinunua kwa dola 2,100 ilimfaa kwa barua pepe tu. Kunakili mafaili kulichosha. Ukicheza muziki huku unahamisha faili kupitia mtandao wa ofisi, uhamishaji ulipungua kasi, na Mark Russinovich, mhandisi wa Microsoft yenyewe, alieleza mwezi Agosti 2007 sababu yake: Vista ilikuwa inabana mtandao kwa makusudi ili sauti isikatike. Mwenye kompyuta angejuaje? Aliona mashine inajikokota, akaambiwa ni dhaifu. Kisha Oktoba 2009 ikaja Windows 7, na kompyuta zilizokuwa zikihema chini ya Vista zikaichukua bila shida. Hakuna aliyekuwa amezirudishia ujana.

Windows 11 ilirudia somo hilo kwa namna ya wazi zaidi, kwa sababu safari hii walioumia walikuwa na mashine mpya kabisa. Ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na siku chache tu baadaye AMD ilikiri kwamba kwenye prosesa zake za Ryzen mfumo huo ulichelewesha kumbukumbu ya karibu ya prosesa, hivyo baadhi ya programu zikapungua kasi kwa asilimia 3 hadi 5, na baadhi ya michezo ya mashindano kwa asilimia 10 hadi 15. Marekebisho yakatolewa mwezi huohuo. Kuelekea mwisho wa mwaka likaja sasisho jingine, na katika maelezo yake Microsoft ilikiri kwamba Windows 11 ilikuwa ikifanya shughuli zisizo za lazima kila ilipoandika kitu kwenye diski. Mtu aliyetoa mashine kwenye boksi wiki iliyotangulia alikuwa analipa gharama ya kosa lililomo kwenye msimbo wa programu. Ungemwambia nini? Kwamba laptopu yake imezeeka?

Simu nazo zimepitia hayo. Desemba 2017 Apple ilikiri kuwa masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya baadhi ya iPhone ambazo betri zake zimechoka, ili zisizimike ghafla. Bei ya kubadilisha betri ikashushwa hadi dola 29, na waliobadilisha wakaiona simu yao ikirudi kasi yake. Kilichochoka kilikuwa betri, lakini waliokuwa wameshanunua simu nyingine hawakuwa wameambiwa hivyo.

Sasa turudi kwenye laptopu zetu. Chukua moja yenye diski ya kuzunguka, iwashe, subiri ifike kwenye skrini ya mwanzo, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Usitazame majina kwanza, tazama nguzo za juu. Mara nyingi utakuta prosesa iko asilimia 6 au 7, yaani imekaa tu, RAM iko nusu au zaidi kidogo, na diski iko asilimia 100, nawe hujafungua hata faili moja. Hapo ndipo utazame majina. Kuna huduma inayoorodhesha mafaili ili utafutaji uwe mwepesi. Kuna kizuia virusi kinachopekua. Kuna SysMain, inayobashiri programu utakazofungua na kuzipakia mapema. Kuna CompatTelRunner, inayokusanya taarifa za mashine na kuzituma Microsoft. Zote zinaomba diski kwa wakati mmoja.

Diski ya kuzunguka ina vichwa vya kusomea vinavyotembea kwa pamoja juu ya sahani zake, na kwa kila ombi jipya vinalazimika kuhama. Kwa maombi yaliyotawanyika haiwezi kutimiza zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyozunguka, hutimiza makumi ya maelfu. Mifumo ya zamani ilijua kwamba diski ni ya polepole, ikaitumia kwa kubania. Hii ya sasa imeandikwa na watu ambao meza zao zimejaa SSD, na kila kitu ndani yake kinadhania hivyo. Ndiyo maana laptopu hiyohiyo, ukifungua skrubu za chini, ukatoa diski na kuweka SSD ya GB 240, RAM ukaifikisha GB 8, inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Prosesa ni ileile iliyohukumiwa asubuhi. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya laptopu nyingine, hata ya mtumba.

Wenye imani kwamba kompyuta ndiyo iliyozeeka hujibu kwa orodha ya Microsoft: Windows 11 inakataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, kwa hiyo lazima ziwe dhaifu. Orodha yenyewe inawakana. Core i7-7700, prosesa ya kompyuta ya mezani ya mwaka 2017 yenye viini vinne, haimo. Celeron N4000 yenye viini viwili, iliyotengenezwa kwa laptopu za bei ya chini kabisa, imo. Hakuna fundi ambaye akiziweka hizo mbili mezani atasema ya pili ina kasi. Masharti yale yanahusu usalama na miaka ya kuhudumiwa, na chipu ya TPM wanayoitaka ina kazi yake ya kutunza funguo za siri. Hayasemi lolote kuhusu nani ana mbio.

Na hapa ndipo hasara inapotokea. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa kwenye maduka ya kompyuta za mtumba kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, ni ya kizazi cha sita. Ina nafasi mbili za RAM, diski yake inabadilishika kwa bisibisi. Mzazi anaambiwa imepitwa na wakati, anaiuza kwa bei ya kutupa, anaongeza fedha na kununua laptopu mpya yenye Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, kwa kuwa boksi limeandikwa Windows 11. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sijaona kidonda kilicho wazi kama hiki. Hifadhi ile inajaa baada ya masasisho machache, na mwanafunzi anaanza kufuta picha ili kompyuta ikubali sasisho jingine.

Mwaka 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba mwisho wa Windows 10 ungeweza kuzigeuza kompyuta milioni 240 kuwa taka. Nyingi kati ya hizo ni nzima. Zikifika huku kwetu zitakuwa bora kuliko tunazoambiwa tununue, tukijua cha kuzifanya.

La kufanya lipo. Kwa kompyuta za watu binafsi, Microsoft inaendelea kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha, na njia mojawapo haihitaji kulipa: unaingia kwa akaunti yao na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Baada ya hapo ipo Linux Mint, ambayo RAM ya GB 4 inaitosha na huja na LibreOffice ndani yake. Kwa maabara ya shule inayofundisha kuandika, kukokotoa na kutafuta habari, sioni kinachokosekana. Anayeishi kwa bando aiambie Windows kwamba mtandao anaotumia unalipiwa kwa kipimo, na mengi ya masasisho yatasubiri hadi apate Wi-Fi.

Wapo pia wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine zilizokataliwa, kwa kutengeneza flashi na programu ya Rufus. Inawezekana, ila Microsoft haiahidi kwamba masasisho yatafika, na kwenye diski ya kuzunguka mateso yatabaki yaleyale. Ninachokipinga kabisa ni kuzima masasisho moja kwa moja ili kompyuta iwe nyepesi. Programu haribifu ya WannaCry, iliyosimamisha kazi kwenye hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa mwezi Machi. Programu zinazojitangaza kusafisha na kuongeza kasi nazo ziacheni, kwa kuwa kazi ya kwanza zinayoifanya ni kujiongeza kwenye foleni ya diski.

Ofisi na shule zinapoandika masharti ya zabuni, aina ya diski na kiasi cha RAM vitajwe kabla ya toleo la Windows, na iandikwe kwamba vyote viwili viweze kubadilishwa. Kwa kuwa kompyuta isiyo na dawa ipo kweli: ni ile yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 vilivyochomelewa kwenye bodi, ambayo fundi hawezi kuiongezea chochote. Hiyo inauzwa leo ikiwa mpya, ndani ya boksi lake.