Tafuta Mkweche Mzima

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliijua barabara mwaka jana, siku ambayo kaka yangu alirudi nyumbani mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

Wasomaji wapenzi wa jarida letu, kila mapumziko hapa shuleni utawasikia wavulana, na wasichana pia, wakibishana juu ya mbio za magari. Si Safari Rally pekee. Wanazungumzia zile mbio ndogo za wasio na mdhamini, za kuzunguka uwanjani kwenye nyasi au vumbi. Swali ni moja: ukiwa na pesa kidogo, ununue gari gani kuukuu?

Mimi nayatoa maoni yangu mapema. Tafuta gari dogo, jepesi, lenye bodi isiyoliwa na kutu, na ambalo spea zake zinapatikana kila mtaa. Ukubwa wa injini uwe jambo la mwisho kuuliza. Pesa zitakazobaki zitumie kumlinda dereva.

Sababu ya kusema hivyo ninayo. Kaka yangu ni fundi wa mbao na ndiye anayenilipia karo. Yeye na rafiki zake wawili waliweka akiba kwa miaka miwili ili wanunue gari la mashindano. Wakapata moja jekundu, linang'aa kama kioo, lina turbo, na muuzaji akawa anawapigia simu kila siku ati wateja ni wengi. Baba mdogo, ambaye ni makanika wa jua kali, aliwaambia, "Wanangu, ngojeni nilikague kwanza." Hawakungoja. Walisikia ule mngurumo wa injini, masikio yakaziba.

Walilipeleka kujaribu kwenye shamba lililokwisha kuvunwa ngano. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, vigelegele. Wa tatu, kwenye kona, pale juu springi ya mbele inaposhikilia bodi palichanika kama karatasi. Gari likabingirika mara moja na kusimama kwa magurudumu. Kaka alivunjika mtulinga. Hakushika randa kwa wiki nane. Nami nilitumwa nyumbani kutafuta karo, na mitihani ya katikati ya muhula niliisikia tu kwa wenzangu.

Baadaye baba mdogo alichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, akaifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, akaipitisha kwenye bodi ya lile gari. Mlangoni ilishika. Alipofika karibu na ile springi, ikaanguka. Akarudia, ikaanguka tena. Akatuambia, "Sumaku hushika chuma. Hapa hakuna chuma, ni puti na rangi." Kumbe jaribio la dakika mbili lingetuokoa!

Hivyo basi, jambo la kwanza la kukagua ni bodi. Inama uangalie chini ya gari, chini ya mazulia, na mahali springi zinaposhikilia. Mlango uliobonyea si kitu, kwani hata hivyo utabonyezwa tena mashindanoni. Kutu kwenye chesisi ni kama mchwa kwenye nguzo ya nyumba. Injini mbovu huondolewa ikatiwa nyingine, lakini bodi iliyooza huwezi kuiamini tena.

Pili, ikague injini ikiwa baridi, wala usikubali muuzaji aipashe moto kabla hujafika. Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamechanganyika na mafuta, na mara nyingi shida huwa ni gasketi. Moshi wa buluu unaonyesha kwamba injini inachoma mafuta yake yenyewe. Makosa haya yanatengenezeka, lakini lazima uyajue ili upunguziwe bei.

Tatu, uzito. Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kwamba nguvu ikigawanywa kwa tungamo ndipo unapata mchapuko. Toyota Starlet ya miaka ya tisini ina uzito wa kilo 800 hivi na injini ya sisi 1,300. Gari la turbo linalovuta kwa magurudumu yote manne huzidi kilo 1,200. Uzito huo wote ndio breki zinaupigania kila kona, na ndio unaomaliza tairi. Kule Uingereza, mchezo wa kuzunguka kwenye nyasi huitwa autograss. Njia yake mara nyingi ni duara la mita 400 hivi, na magari madogo kama Mini na Nissan Micra yana madaraja yao. Katika duara fupi namna hiyo injini kubwa haipati hata nafasi ya kupumua. Ukikanyaga mafuta tu, kona hii hapa!

Nne, spea. Hapa moyo hudanganya. Baba mdogo huipenda Peugeot kama mboni ya jicho lake. Atakuhesabia jinsi Peugeot 404 ilivyoshinda Safari mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na jinsi Ove Andersson alivyoshinda kwa 504 mwaka wa 1975. Ni kweli tupu. Lakini hata yeye anakiri kwamba leo akitaka kifaa kimoja cha 404 atazunguka mji mzima. Gari la mashindano huvunjika kila mara, kwa hiyo nunua lile ambalo kijana wa dukani anajua spea zake bila kuuliza mara mbili.

Najua wapo watakaosema, "Gari dogo la zamani litashinda nini?" Nawajibu kwa historia yetu wenyewe. Mwaka wa 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari kwa Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, ambayo injini yake haikufika hata lita moja na nusu. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika mashindanoni kabla yao. Hawakushinda kwa mng'aro wa rangi. Walishinda kwa sababu gari lilikuwa imara na dereva alilifahamu.

Wapo pia, hasa walimu wangu, watakaosema kwamba huu ni mchezo wa kupoteza pesa. Siwapingi sana, maana ni karo yangu iliyopotea. Lakini ninawaomba mfikirie: vijana wanaopenda kasi hawataacha kuipenda kwa kukatazwa. Wasipokimbia uwanjani, watakimbia barabarani, mahali penye watoto na akina mama wanaotoka sokoni. Heri uwanja wenye sheria na wakaguzi, gari lenye kizimba cha vyuma vinavyoruhusiwa wala si mabomba ya maji, ukanda wa kutosha, helmeti, na betri iliyofungwa isiruke. Nionavyo mimi, ukiwa na shilingi mia, hamsini zinunue gari, na hamsini zilinde shingo yako.

Kaka amepona. Mwezi uliopita walipata Starlet nyeupe, mlango mmoja umebonyea na injini inatoa moshi kidogo. Safari hii baba mdogo ndiye aliyetangulia, na sumaku yake mkononi. Ilishika kila mahali. Akacheka akasema, "Moshi tutautibu. Kutu haina dawa." Wanalitengeneza polepole, kila mwisho wa mwezi kidogo, baada ya karo yangu kulipwa. Huo ndio mkataba mpya nyumbani kwetu, nami ndiye shahidi.

Kwa hayo machache naiweka kalamu yangu chini. Ukiona gari linang'aa na muuzaji ana haraka, mwombe dakika mbili, kisha utoe sumaku mfukoni.