Kompyuta za ofisi: mitambo ifanye kazi, breki ashike mtu



Natoa maoni yangu kuhusu utunzaji wa kompyuta katika ofisi za umma na mashirika yetu.

Siku hizi mishahara, hati za viwanja, leseni, vyeti vya kuzaliwa na hata hesabu za dawa hospitalini vimo ndani ya mashine hizo. Lakini katika ofisi nyingi fundi bado anazunguka chumba hadi chumba, flashi mfukoni, akisahihisha programu za kompyuta moja baada ya nyingine. Akifika ya arobaini, ile ya kwanza imekwisha kupitwa na wakati. Akiugua, kazi inalala mpaka apone.

Kila likitolewa shauri kwamba kazi hizi za kurudiarudia zifanywe na mitambo yenyewe, majibu ya wakubwa huwa mawili. Wapo wasemao kwamba ni ghali, fundi aliyepo anatosha. Wapo pia wasemao inunuliwe haraka, tena yote kwa mkupuo, ili tuondokane na mafundi. Kwa maoni yangu wote wawili wanakosea, na ushahidi upo.

Tuanze na wanaotegemea mkono. Huko Marekani kulikuwa na kampuni ya biashara ya hisa iitwayo Knight Capital. Mwaka 2012 fundi wake alipewa kazi ya kuweka programu mpya katika seva 8. Akaiweka katika 7, moja akaisahau. Hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki kazi yake, wala utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu huyo awepo. Soko lilipofunguliwa Agosti 1, seva ile moja iliamsha programu ya zamani ambayo ilikuwa haitumiki tena, ikaanza kununua na kuuza hisa ovyo. Katika dakika 45 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba kabla ya soko kufunguliwa mitambo ilikuwa imetuma barua pepe 97 za kuonyesha kwamba kuna hitilafu, na hakuna aliyezishughulikia. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaunganishwa na nyingine.

Mwaka 2017 ikaja zamu ya Equifax, kampuni ya huko huko inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Sahihisho la programu moja yenye ufa lilitolewa mwezi Machi. Taarifa ilitumwa kwa mafundi, lakini orodha ya majina ya kutumiwa ilikuwa ya zamani. Mtambo wa kukagua mawasiliano nao ulikuwa hauoni kitu kwa sababu hati yake ya usalama ilikuwa imekwisha muda na hakuna aliyekumbuka kuihuisha. Wezi wakaingia mwezi Mei, wakakaa ndani hadi mwisho wa Julai. Habari za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Sahihisho lilikuwepo muda wote huo, tena bila malipo. Kazi kama hiyo ya kukumbuka tarehe na kulinganisha orodha ndiyo mtambo unayoiweza kuliko mtu, maana hauchoki wala hauendi likizo.

Sasa niwageukie wale wenye haraka ya kununua. Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za kwetu, kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilisambaza sahihisho kwa wateja wake dunia nzima. Lilikwenda lenyewe, kwa wote, kwa wakati mmoja. Lilikuwa na kosa. Saa 2:27 kampuni ilikuwa imekwisha kulirudisha, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimezimika. Ndege zilikaa chini, hospitali na benki zikakwama. Na dawa yake ilikuwa nini? Katika sehemu nyingi ilibidi mafundi waende kwenye kila mashine kuifufua kwa mkono, wale wale ambao mabwana wengine walitaka wapunguzwe. Baada ya hapo ndipo kampuni ikatangaza kwamba masahihisho ya namna hiyo yatakuwa yanatolewa kwa awamu, kwa wachache kwanza.

Ndiyo maana nasema ofisi zetu zianze sasa, lakini zianze na yaliyo rahisi. Nakala za akiba zichukuliwe zenyewe kila usiku, na kila mwezi moja ijaribiwe kama kweli inafunguka. Mtumishi anapostaafu au kuhamishwa, ruhusa yake ya kuingia ifungwe siku ile ile pindi jina lake litokapo kwenye orodha ya utumishi. Masahihisho yapelekwe kwanza kwenye kompyuta tano, zikikaa salama siku moja ndipo yaende kwa nyingine. Na awepo fundi mwenye jina na simu, aliyepewa mamlaka ya kusimamisha mtambo bila kusubiri sahihi ya mkurugenzi aliye safarini.

Wakaguzi nao watapata nafuu. Mtambo huandika wenyewe ulichofanya na saa uliyofanya. Sote tunajua mambo ya madaftari yanayojazwa kwa kalamu moja usiku wa kuamkia ukaguzi. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwenye kutunza habari za wananchi anawajibika kuzilinda. Daftari la namna hiyo halitamsaidia atakapotakiwa kueleza ni nani aliyefungua faili la mgonjwa fulani.

Fundi aliyepunguziwa mbio za flashi asipewe barua ya kuachishwa kazi. Apelekwe masomoni, arudi asome zile taarifa ambazo mitambo inazituma, maana kule Knight Capital zilitumwa 97 na msomaji hakuwepo.

Ningependa wakuu wa idara zinazohusika watueleze kupitia ukurasa huu: katika ofisi zao, ni watu wangapi waliokwisha kustaafu ambao hadi leo maneno yao ya siri bado yanafungua kompyuta?

Fundi Mstaafu,
Morogoro.